Faili za transista za volti kubwa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasanifu chipu ya kuendesha mota kwa volti 15. Kiwanda cha chipu hakijibu maombi yangu ya faili za usanifu, yaani zile zinazoeleza transista zake ili mtu aweze kuzichora kwenye chipu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Faili hizo hulindwa kwa mkataba wa usiri, na anayesaini ni chuo, si mwanafunzi. Barua yangu ya kwanza niliisaini mwenyewe. Nilisubiri miezi minne bure! Mwombe msimamizi wako aandike.

Wakati huo anza na SKY130, seti ya faili za usanifu za kiwanda cha chipu cha SkyWater, iliyo wazi kwa wote tangu 2020. Ina transista za volti 20. Lakini angalia sana: hizo 20 ni za dreni (mguu unaobeba volti ya mota), geti lake (mguu wa kuiwasha na kuizima transista) ni la volti 5 tu.