Soko la Kenya, Lubumbashi, limejaa vile kweli ao ni kamera?

SWALI: Yaya, jambo sana. Mi niko Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Binamu yangu wa Ubelgiji aliona foto ya soko la Kenya, ile komini yetu si ile nchi, kwenye Facebook, batu wamebanana mpaka barabara haionekani, akaniandikia "huko munapumuaka namna gani?" Mi napita pale kila wiki na sijaona vile hata siku moja. Ile foto ni ya kutengeneza, ao macho yangu yamezoea?

JIBU: Mdogo wangu, yote mawili kidogo. Wapiga foto wako na lensi za kuvuta mbali, anasimama kule mwisho wa avenyu anavuta, na mtu aliye karibu na mwingine aliye mita 40 nyuma yake wanatoka kama wanagusana mabega, nafasi ya katikati inamezwa. Panda kwenye etaje, ghorofa ya juu, upige saa ileile, utaona mapengo kibao.

Huko Marekani miaka ya 1960, mwalimu wa uandishi wa habari pale Berkeley, Herbert Jacobs, alitaka kujua mikutano ya wanafunzi inakuwaka na watu wangapi kweli, na bahati yake uwanja chini ya dirisha lake ulikuwa umegawanywa viboksi, basi anahesabu watu kwenye viboksi vichache halafu anazidisha. Watu wakisimama kwa nafasi ni kama mmoja kwa mita moja ya mraba, wakibanana kabisa kama wanne. Kwa hiyo mtu akikuambia "tulikuwa milioni", muulize kwanza uwanja ulikuwa na mita ngapi.

Ila mimi hesabu hainishughulishi sana, naangalia kama watu wamepangwa. Tafuta foto za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, ile kampuni ya migodi iliyokuja kuwa Gécamines: wamepangwa mistari, macho kwa kamera, na unaona wazi kuna bosi aliyesema simameni hapa. Sammy Baloji, mpiga foto, mtoto wa hapahapa, aliyezaliwa 1978, alichukua watu wa foto kama zile akawaweka juu ya foto zake mwenyewe za mitambo iliyochakaa, kazi inaitwa Mémoire, itafute. Halafu ikaja 2003 na ile depa volonteri, yaani kuondoka kazini kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi Gécamines, na nyuma ya kila mmoja kuna nyumba nzima ya kulisha.

Sasa rudi kwenye foto ya binamu, ikuze, angalia mikono. Hakuna aliyewapanga hawa, na karibu kila mkono umebeba kitu: mama na beseni ya mayai ya kuchemsha, na kapakiti ka chumvi na pilipili pembeni, kijana wa unite za simu chini ya parasoli, na yule anayeinua kiatu kimoja tu, kingine kiko kwenye mfuko kwa sababu anajua wezi. Tena hawaangalii kamera, wanaangalia mikono na miguu ya wapita njia, kutafuta nani anapunguza mwendo, nani anatia mkono mfukoni.

Unajua 1838 Daguerre, Mfaransa mmoja wa wale wa kwanza kupiga foto, alipiga foto ya Boulevard du Temple kule Paris, barabara ya watu na magari ya farasi, lakini kamera ya wakati ule ilichukua dakika kadhaa kushika picha, basi wote waliotembea wakapotea, akabaki bwana mmoja aliyesimama kupigwa rangi viatu, na anayemhudumia. Kwa kamera ile soko la Kenya lingetoka tupu, wangebaki wamama wa meza na wale wa parasoli, yaani wenyewe wa soko. Mwambie binamu yako hivyo, na hewa iko ya kutosha.

SWALI LINGINE: Naweza kupiga watu foto sokoni bila kuomba?

JIBU: Kundi kwa mbali, sawa. Uso wa mtu mmoja ukijaza foto, omba, na mtoto omba kwa mama yake. Na usianze na simu mkononi, anza kwa kununua mayai mawili.