Kabla hujashusha giaboksi, soma namba ya chesisi

Gari ndogo za mtumba zinazopanda mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga, hapa Kigoma, nyingi zimetoka Japani na ni otomatiki. Giaboksi ikianza kusumbua, fundi atasema ishushwe, na jamaa mwenye simu atasema gari za aina hiyo zina rikoli, yaani kampuni ilishaziita zirudi kurekebishwa. Huenda wote wako sahihi. Ila la rikoli unaweza kulijua leo hii, bila kufungua hata nati moja.

Rikoli haifuati jina la gari, inafuata namba ya chesisi. Gari mbili za jina moja na mwaka mmoja, moja inaweza kuwemo na nyingine isiwemo, kwa sababu kampuni hutaja namba kuanzia hii mpaka ile. Namba yako iko kwenye kadi ya gari, na imegongwa kwenye bodi, mara nyingi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Hakikisha zinafanana. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani namba yake ni fupi na ina kistari katikati: kabla ya kistari ni modeli, baada yake ni tarakimu. Ndiyo maana tovuti za Marekani huikataa, zenyewe zinataka herufi na tarakimu 17. Ingia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyoitengeneza, sehemu ya rikoli, simu ikutafsirie, kisha ingiza namba. Utaona kama gari yako imo, na kama kazi ilishafanyika.

Jambo hili si dogo. Honda Fit Hybrid iliyoanza kuuzwa Japani Septemba 2013, yenye giaboksi ya gia 7 na klachi mbili, ilipofika Oktoba 2014 ilikuwa imeshaitwa mara 5, na kadhaa kati ya hizo zilihusu programu inayoendesha giaboksi. Ugonjwa wa programu hautibiwi kwa kubadilisha vyuma. Ukinunua giaboksi nyingine ya mtumba, programu ya zamani itabaki palepale kwenye gari.

Mdogo wangu anaishi Ujiji. Gari yake (si hiyo niliyoitaja) ilianza kutetemeka kila ikiondoka, na mlimani ikawa mbaya zaidi: injini inapiga kelele, gari haisogei. Akaambiwa ni rikoli, hakuna dawa. Tulipofungua mlango wa dereva tukakuta kwenye nguzo, karibu na kile chuma ambacho kitasa hukikamata, kistika kidogo kilichofifia chenye namba. Japani, gari ikishafanyiwa kazi ya rikoli, mara nyingi hubandikwa stika hapo. Tovuti nayo ikasema imeshafanyika. Basi tatizo lilikuwa kwingine.

Lilikuwa kwenye oili. Giaboksi yake ni ya CVT: haina gia za meno za kupanda moja moja, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike usiteleze. Aliyemfanyia sevisi alikuwa ameweka ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Fundi mwingine akaimwaga, akajaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, akaiendesha kidogo, akamwaga tena na kujaza upya, maana ukimwaga mara moja nyingine hubaki ndani. Kutetemeka kukaisha. Tuliwahi, mkanda ukishakwaruza puli, oili haisaidii kitu.

Stika isipokuwepo, usihukumu kwa hilo peke yake, huwa zinabanduka. Amini namba.

Na kama bado hujalipa, hapo ndipo una nguvu. Mwombe muuzaji namba ya chesisi na picha ya nguzo ya mlango wa dereva. Ukikuta rikoli ambayo haijafanyika, mwambie aipeleke gari kwa wakala wa kampuni hukohuko Japani kabla haijapanda meli, kwa sababu kule kazi hiyo ni bure. Ikishafika Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar, fundi mwenye mashine ya kuingiza programu mpya utamtafuta mwenyewe, na utamlipa mwenyewe.