Zulia la Kale Lisome Mgongoni

Anayeanza kukusanya mazulia ya kale hapa Unguja ana bahati moja: mengine yamo majumbani tangu zamani. Majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalileta tende, samaki wakavu, masanduku na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Kwa hiyo zulia la Hamadan, mji wa Uajemi, au msala wa Kibaluchi huweza kutokea mnadani, katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, au uvunguni mwa samadari ya bibi wa mtu. Balaa nalo ni moja, nalo ni unyevu. Hilo ndilo litakalokuharibia pesa kabla ya muuzaji yeyote mjanja.

Ukioneshwa zulia, usianze kulisifu uso. Ligeuze. Zulia la mkono lina ua lile lile mgongoni, fundo kwa fundo, na mafundo hayalingani sawasawa. Kisha fuata matamvua mpaka yanapoingia kwenye zulia: lazima yawe ni ncha za mtande wenyewe, yaani nyuzi za urefu zinazofungiwa mafundo. Yakiwa yameshonewa pembeni, ama zulia ni la mashine, ama ncha zake zimeliwa na mtu ameficha. Chomoa kijinyuzi kimoja cha manyoya, kwa ruhusa ya mwenyewe, ukichome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika kidoleni. Nailoni na jamaa zake huyeyuka zikaacha kidonge kigumu.

Kuhesabu mafundo chukua rula, hesabu yaliyomo katika sentimita 10 kwa upana, halafu sentimita 10 kwa urefu, uzidishe. Angalia hapa watu wanapokosea: katika mazulia mengi fundo moja huonekana mgongoni kama vijinundu viwili vya rangi moja vilivyokaa ubavu kwa ubavu, na mwenye haraka huhesabu mara mbili. Msala wa Kibaluchi wenye 30 kwa 35, yaani mafundo 1,050, ni mzuri kabisa. Zulia la Kashan, mji mwingine wa Uajemi, hufika 3,000 na kupita. Lakini wingi wa mafundo si uzuri. Msala wa sufu nzuri, wenye wekundu wa kukolea na buluu ya nili, naupendelea mara kumi kuliko zulia la mafundo mengi lililochujuka.

Rangi zijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji, ukikandamize dakika moja juu ya kila rangi, nyekundu kwanza. Kikitoka na doa, rangi inachuja, au mtu amepaka wino kuziba pahala palipochakaa. Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856, zikaingia kwenye mazulia miongo michache baadaye, kwa hivyo rangi ya chungwa inayopiga kelele kwenye zulia linaloitwa la miaka 200 ni ushahidi dhidi ya muuzaji. Tazama pia nyuzi nyeusi na za kahawia: katika mazulia ya kale zilitiwa rangi kwa chuma, na chuma huila sufu, ndiyo maana mahali hapo manyoya huwa mafupi kuliko jirani zake. Hilo si kasoro ya kukukimbiza.

Tarehe iliyofumwa ichunguzwe kwa makini. Aliyesoma chuo cha Kurani atazisoma tarakimu bila taabu. Mwaka wa Hijria utoe asilimia 3, kisha ongeza 622: 1320 unakuwa 1902. Sasa, tatu ya Kiarabu inazidi mbili kwa jino moja tu. Mtu aking'oa mafundo machache na kufunga mapya, ١٣٢٠ inageuka ١٢٢٠, na zulia limezeeka miaka 97 kwa mchana mmoja. Pitisha kidole mgongoni nyuma ya tarakimu hiyo. Mafundo mapya huwa magumu, na ukiyafumbua manyoya upande wa juu, ncha hazikupauka kama za jirani.

Kabla hujatoa pesa, likunje kidogo mgongo ukiwa nje, uweke sikio. Mlio mkavu wa kukatika maana yake mtande wa pamba umeoza kwa maji, na zulia hilo halina tiba, hata likiuzwa bure. Halafu liinue mbele ya jua uone matundu na viraka.

Nyumbani usilitandike sakafu inayotoa jasho, wala usiliegemeze kwenye ukuta wa mawe na chokaa, kwani ukuta huo hunywa maji masika nzima. Usilipige kwa fimbo. Vuta vumbi pande zote mbili. La kuhifadhi likunjwe duara kwenye mwanzi mnene uliofungwa kitambaa, lifunikwe kwa marekani iliyofuliwa. Nailoni huzuia unyevu ndani na kuleta kuvu. Karafuu na moshi wa udi hunukia vizuri, lakini haviui viwavi wa nondo, na mafuta ya karafuu hutia doa. Viwavi hupenda giza, basi kila mwezi chungulia chini ya kabati na makochi.

Ukiwaona, na kama zulia ni dogo, lifunge ndani ya mfuko wa nailoni, kamua hewa yote, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Hapa ndipo nailoni inapofaa. Ukilitoa, liache ndani ya mfuko siku nzima, ili umande ukae juu ya nailoni na si juu ya sufu. Na umeme ukikatika katikati mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu wiki mbili upya.