Injini inayokohoa angani

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mchezo wa kompyuta wa vita vya angani, kila ninaposukuma usukani mbele kwa ghafla nikiwa ndani ya Spitfire ya 1940, ndege ya kivita ya Uingereza, injini hukohoa na kuzimika kidogo, ilhali Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani ninayoifukuza huteremka bila shida. Je, programu ina kasoro?

JIBU: La, hapo watengenezaji wanastahili pongezi. Injini ya Spitfire ya wakati huo, Merlin, ilitumia kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) yenye boya, na pua ya ndege ilipoinamishwa ghafla petroli ilirushwa juu ndani ya chemba, injini ikakosa mafuta kwa muda, kisha ikapaliwa nayo na kutoa moshi mweusi. Injini ya Bf 109, DB 601, ilinyunyiziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haikujali. Marubani wa Uingereza walizoea kuibinua ndege tumbo juu kwanza, ndipo wapige mbizi. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling, wa kituo cha utafiti cha Farnborough, alibuni kijisahani cha chuma chenye tundu, kitu kidogo mno, kilichopunguza tatizo bila kulimaliza. Ukiiona Spitfire ya 1940 ikiinama hivyo bila kukohoa, hapo ndipo ulalamike.