Nilinunua Jina Kabla ya Kuuliza Nyumba ni ya Nani

Juzi baada ya isha nilikuta ujumbe wa kijana wetu wa mtaa wa Barani hapa Malindi, siku hizi yuko Texas. "Ami, nina akiba kidogo. Kuna kampuni inataka kuniuzia jina lake na mfumo wake wa kununua nyumba mbovu, kuzikarabati na kuziuza. Niingie?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi huko nimeingia, nikatoka bila viatu.

Mwaka 2018 kampuni moja ya Nairobi (jina silitaji, sitaki kesi) ilikuja Malindi kutafuta watu wa kufanya kazi chini ya bango lake. Ada ya kuingilia laki sita, kisha malipo ya kila mwezi. Nikapewa eneo lote, Watamu hadi Mambrui, kama Mreno aliyejigawia pwani. Mke wangu alivua bangili zake mbili za dhahabu. Hakusema neno, alizifunga kwenye leso akaniwekea juu ya mto. Nikaenda mafunzo ya siku tatu hotelini, tukapigiana makofi, nikarudi na fulana ya bluu na kabrasha nene.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Shela ya hapa Malindi, vichochoroni. Mabati yameliwa na chumvi, kuta za matumbawe, na mlango wa kuchonga ambao Mtaliano yeyote angeukodolea macho. Mzee aliyekuwa barazani alikubali bei, nikampa arbuni. Wiki ya pili dada yake akapiga simu kutoka Muscat. Kisha wakatokea watoto wa marehemu kaka yao. Warithi saba, na mirathi haijafika kwa Kadhi. Tukiwa bado tunahesabiana, akaja mtu na vitabu vya risiti: nyumba ni yao, kiwanja ni chake, na wamekuwa wakimlipa kodi ya ardhi tangu enzi za baba yao.

Nyumba bila ardhi! Mtoto yeyote wa pwani analijua jambo hilo, nami nilikuwa nalijua. Lakini halikuwamo kwenye kabrasha, na mimi nilishajiona mtu wa kabrasha. Nilipopiga simu Nairobi, kijana wa huko akaniuliza, "Kwani hati inasemaje?" Hati gani, baba? Hata hesabu yao ya faida haikuweka ushuru wa stampu, ambao mjini ni asilimia 4.

Arbuni haikurudi. Miezi 14, sikuuza hata choo. Mambo ya mawakili nayaruka.

Sasa wewe, mwanangu, una bahati ambayo sikuwa nayo. Mtindo huo ni wa kwenu huko. HomeVestors, kampuni ya kununua nyumba mbovu, walianza Dallas mwaka 1996 na mabango yao ya manjano, na biashara za kuuziana jina zina sheria. Kampuni lazima ikupe waraka wa kufichua mambo yake siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Waraka huo una vipengele 23. Anza na cha 20: humo mna majina na mawasiliano ya waliotoka mwaka uliopita. Wapigie hao, achana na wale watakaoletwa kukusifia. Kisha soma cha 19, cha mapato. Kama kiko kitupu na muuzaji anakutajia mamilioni kwa mdomo, chukua kofia yako uondoke. Sisi Kenya hatuna sheria mahsusi ya namna hiyo. Mimi nilipewa picha ya bwana anayecheka na funguo mkononi.

Na ujiulize, ukilitoa jina, unabaki na nini? Vijana mnapenda bango kabla ya kuujua mtaa. Mnalipia ujasiri! Kaeni barazani kwanza, mjue nani mgonjwa, nani anagombana na nduguye, kiwanja cha nani. Mwaka jana nimeuza nyumba mbili Muyeye na ploti Mayungu, kwa jina nililopewa na babangu, na kila mara sachi, yaani kukagua rekodi za ardhi, ilitangulia hata salamu.

Bangili moja nimeshamrudishia mke wangu. Bango amelifanya paa la banda la kuku, na namba yangu bado inasomeka. Wiki iliyopita mtu alipiga kuuliza kama bado nanunua nyumba mbovu.