Kodi ya B-flati kwenye ukulele: pima nati kwanza

Kodi ninayoisema hapa si ya mwenye nyumba, ingawa nayo inauma; ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kwenye ukulele, ala ndogo kama gitaa yenye nyuzi nne: G, C, E na A. Wimbo wa kwaya ulioko kwenye ufunguo wa F hauendi mbali bila B-flati. Umbo lake ni 3211, kila tarakimu ikitaja freti (kile chuma kinachokatiza shingo) ya uzi mmoja: kidole cha pete kwenye uzi wa G, freti ya 3, cha kati kwenye C, freti ya 2, cha shahada kinalala juu ya E na A, freti ya 1.

Kabla ya kulaumu kidole, pima ala. Bana uzi kwenye freti ya 3, kisha chungulia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 1. Inatakiwa ipite karatasi moja tu. Ikizidi sana, nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa cha ala) iko juu, na ukulele nyingi za bei rahisi huja hivyo. B-flati huumia kuliko kodi nyingine kwa sababu iko jirani kabisa na nati. Legeza uzi, chimba mfereji wake kwa msasa laini uliokunjwa, ukiinamisha kuelekea kichwani, na upime kila baada ya misuguo miwili mitatu. Ukizidisha, uzi utakwaruza hata ukiwa wazi, bila kubonyezwa.

Hapa Tabora kuna jambo la ziada. Kiangazi, Mei hadi Oktoba, mbao hukauka na kusinyaa, ncha za freti zikaanza kuchuna kiganja. Usiitundike ukulele chini ya bati. Iweke kwenye begi pamoja na kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani kipande cha sponji kilichokamuliwa vizuri.

Sasa kidole. Wengi hubonyeza kwa nyama ya chini, uzi ukaingia kwenye mkunjo wa kiungo na kunyamaza. Kilaze kidogo kuelekea nati ili ubavu wake mgumu ndio uguse nyuzi, kikae karibu na freti bila kuikalia. Gumba liwe nyuma, mkabala na shahada.

Usianzie chini, karibu na nati. Shika umbo hilohilo juu, 7655, ambayo ni kodi ya D. Huko nyuzi ni laini zaidi kubonyeza. Ikilia safi, shuka 5433 (C), 4322 (B), ndipo 3211. Ukitoka kodi ya F, usinyanyue shahada: ilaze tu ifikie A, cha kati kihamie C, cha pete kishike G.

Kwa ukulele yenye G ya juu (uzi wa G wenye sauti nyembamba, si nzito), uzi wa G na wa A hapa hutoa sauti ileile. Upige mmoja, kisha mwingine. Zikipishana na ala imetyuniwa, unabonyeza kwa nguvu mno.

Na Jumapili ikikukuta hujaiva, acha uzi wa A: uguse kidogo tu unyamaze. Sauti zilizobaki, B-flati, D na F, ni kodi kamili.