Kanda za Mama: Tukate Maongezi au Tuyaache?

Swali: Shikamoo Bi Mkubwa. Mama yetu alifariki mwaka jana akatuachia sanduku la bati lenye kanda 14 za kaseti. Miaka ya themanini alikuwa akirekodi vipindi vya wanawake redioni. Katika kanda moja bibi anaghani Utenzi wa Mwana Kupona, kisha wanawake studioni wanaubishania. Mmoja anasema wosia ule ni pingu kwa mwanamke, mwingine anamjibu kuwa mama mgonjwa hana budi kumwusia bintiye namna ya kuishi na watu. Kaka anataka kuhamishia utenzi tu kwenye kompyuta, maongezi na salamu avikate. Tumwachie? Tena kanda moja imeota unga mweupe.
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Msimwachie.

Utenzi wenyewe upo salama. Mshairi Mwana Kupona aliutunga 1858 kumwusia bintiye, na umechapishwa mara nyingi. "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati" utaisoma hata kesho ukitaka. Lakini hao wanaobishana, nani amewaandika? Mabishano yao ndiyo yanayotuonyesha wanawake wa wakati ule waliupokeaje wosia wa mwanamke mwenzao wa karne ya kumi na tisa.

Nasema kwa uchungu, maana nimewahi kukata. Mwaka 1983 nilikuwa chumba cha kanda katika kituo kimoja cha redio, nikihariri kwa wembe na utepe wa gundi. Kipindi kilikuwa nusu saa, hakiongezwi hata dakika. Siku moja tulikuwa na mshairi, na pamoja naye mama muuza samaki aliyejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima. Alieleza alivyokwenda benki akaandika jina lake mwenyewe badala ya kubonyeza dole gumba, na jinsi mkono ulivyomtetemeka. Dakika nne. Nikazikata ili mshairi amalize beti zake. Utepe ukaanguka miguuni pangu kama nyuzi chini ya cherehani, jioni ukafagiliwa. Mashairi yale yamo kitabuni. Yule mama simpati popote.

Hata mwandishi mkubwa hupotea hivyo. Virginia Woolf wa Uingereza ameacha vitabu tele, ila sauti yake iliyobaki ni dakika kama nane tu, kutoka mazungumzo aliyoyatoa BBC tarehe 29 Aprili 1937.

Sasa kanda zenu. Ile yenye unga mweupe huenda ni ukungu: msiicheze, itachafua mashine na kuambukiza nyingine. Ifungeni peke yake kwenye bahasha ya karatasi, mkae mbali na vumbi lake, mpaka mpate fundi wa kuisafisha. Nyingine zote, vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni, mtu asije akabonyeza kurekodi kwa bahati mbaya. Safisheni kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti kabla ya kila kanda. Zile za dakika 90 zina utepe mwembamba, kwa hiyo msizikimbize mbele na nyuma. Hifadhini kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza sauti. MP3, faili ndogo iliyobanwa, iwe nakala ya kutumiana kwenye simu.

Na sikilizeni vizuri. Kama mama aliweka kinasa mbele ya redio, huenda jikoni kwenu kumo humo ndani: kifuniko cha sufuria, jogoo, yeye mwenyewe akiwaambia "nyamazeni!" Kaka yako akikata, atamkata na mama.

Mwiteni shangazi au jirani wa rika la mama akae nanyi, aandike kwenye daftari sauti anazozitambua na mitaa inayotajwa kwenye salamu. Anzeni na kanda ya utenzi, upande A, mwiache icheze hadi kitufe kiruke chenyewe, kisha mgeuze.